Vipande vya mninga visiishie jikoni

Pita karakana yoyote ya useremala mjini Mpanda, utakuta rundo la vipande vya mninga vimetupwa pembeni. Jioni mama lishe wa jirani huvichukua kwa bei ya kuni, au hupewa bure. Mimi kama mchumi wa kilimo naiona hapo hasara ambayo haijaandikwa kwenye daftari lolote.

Mninga ni mti wa misitu yetu ya miombo, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Fundi akishanunua mbao halali, amekwisha kulipia ushuru, usafiri na upasuaji. Kipande kinachobaki nacho kina gharama ndani yake. Kukichoma ni sawa na mkulima kuvuna mpunga kisha akaacha robo ya magunia shambani.

Pendekezo langu ni kwamba vipande hivyo vitengenezwe viboti vya mfano vya futi moja au mbili, kama maboti ya mbao tunayoyaona Karema na Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sitaki kumdanganya mtu kuhusu watalii wa Hifadhi ya Katavi, kwa sababu si wengi. Soko la kwanza ni sisi wenyewe: zawadi za harusi, kuwaaga wastaafu, mapambo ya ofisi na nyumba za wageni.

Tatizo liko kwenye umaliziaji. Mteja hukishika kitu kabla hajauliza bei. Mkono ukikuta mikwaruzo, vumbi lililogandia na mapovu, bei imeshashuka kabla fundi hajafungua mdomo.

Dawa ni epoksi, ndugu ya ile gundi ya mirija miwili tunayoichanganya kuunga vyombo. Ipakwe mara mbili au tatu, kisha juu yake vanishi ya kuzuia jua, kwa sababu epoksi peke yake huharibiwa na jua. Lakini kopo peke yake halileti ulaini. Mbao lazima iwe imekauka sawasawa, na miezi yetu ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndiyo ya kazi hiyo. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, ukifuata nyuzi za mbao. Futa vumbi lote, na uzibe pua na mdomo, maana vumbi la mninga husumbua kifua.

Pima epoksi na kigumishi chake kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka ni kosa kubwa. Itabaki laini au yenye kunata. Changanya kidogo kidogo, kwa kuwa ikikaa nyingi kwenye chombo hupata joto na kuganda. Vaa glavu. Paka alasiri, mbao inapoanza kupoa. Ukipaka asubuhi, hewa iliyomo kwenye mbao hutanuka kadiri jua linavyopanda na kutoa mapovu. Kila mkono wa rangi uwe mwembamba. Ikishakauka kabisa, ioshe kwa maji safi kuondoa utando wa mafuta, piga msasa laini wenye maji, ndipo upake tena.

Sasa tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila fundi aweke bei za dukani kwake. Tuseme epoksi ya Sh80,000 inatosha viboti 20, yaani Sh4,000 kwa kimoja. Msasa na vanishi Sh3,000. Kazi ya siku mbili kwa Sh10,000 kwa siku ni Sh20,000. Jumla Sh27,000. Kikiuzwa Sh40,000, faida ni Sh13,000. Kile cha harakaharaka kimetumia vanishi ya Sh3,000 na siku moja na nusu, Sh15,000, jumla Sh18,000. Kikiuzwa Sh15,000, fundi amepata hasara ya Sh3,000 huku akidhani amefaidi kwa sababu mbao ilikuwa ya bure.

Tofauti yote hiyo imeletwa na nusu siku ya msasa na kopo moja. Najua Sh80,000 kwa mpigo ni mzigo kwa fundi mmoja. Wakulima wetu wa tumbaku wamezoea kupata mbolea kupitia vyama vyao vya msingi. Mafundi wanne wakichangia Sh20,000 kila mmoja, kopo limepatikana. Walimu wa VETA na maofisa wa SIDO nao wangewasaidia sana kwa kufundisha umaliziaji kwa uzito uleule wanaofundisha kuunga mbao.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, fundi avihesabu vipande vyake.