Komanda: sanduku la karatasi likiungua, ushuhuda wa parsele unabaki wapi?

Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, washambuliaji wa ADF waliingia Komanda na kuua watu zaidi ya 40. Wengi wao walikuwa ku kanisa la parokia Mwenye Heri Anuarite, fasi waamini walikuwa wamekusanyika kwa sala ya usiku. Nyumba na maduka yakachomwa. Kwanza watu walizika wafu wao, ndiyo ilikuwa haki. Lakini kisha matanga kunakuja swali lingine, na hilo halipitishwi ku habari: nyumba inapoungua, sanduku la karatasi linaungua nayo. Mjane anabaki na majivu juu ya kiwanja ambacho hana tena kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba ni cha bwana yake.

Komanda iko ku njia panda. Barabara ya taifa namba 4 inapita pale kati ya Beni upande mmoja, Mambasa na Kisangani upande mwingine. Na hapo ndipo namba 27 inaanza kwenda Bunia, kilometa karibu 75. Hiyo njia panda ndiyo inaleta biashara, na ndiyo inaleta vita. Kwa miaka hii watu wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena. Wengine wamerudi na kukuta mtu mwingine analima ndani ya shamba lao, na huyo mtu ana karatasi. Tangu kakao ilipoanza kuleta feza, shamba la kando ya barabara ya Luna au ya Mambasa haliko tena fasi ya muhogo tu. Linatafutwa.

Sasa, nani anaweza kuthibitisha nini, na ushuhuda uko ku biro gani?

Tuanze na sheria yenyewe, juu watu wengi wanafikiri karatasi ya shefu inatosha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serkali, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inasimama kisheria kwa karatasi moja tu: certificat d'enregistrement, ile inatolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi zingine zote, yaani barua ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya mashahidi, atestasyo ya shefu wa lokalite, risiti ya mbuzi na makreti ya bia, zinasaidia kuonyesha historia ya kiwanja, lakini haziko sertifika.

Hapo kuna jambo moja ambalo wakaaji wangepaswa kulijua mbele ya yote. Sertifika inaandikwa mara mbili. Nakala moja inapewa mwenye kiwanja, nyingine inabaki ndani ya kitabu ku biro ya konservateri. Kwa hiyo mtu ambaye sertifika yake iliungua Komanda hajapoteza haki yake. Kitabu kiko. Anaenda kutangaza upotevu, anachukua atestasyo ya kupoteza vitambulisho na karatasi, kisha anaomba konservateri atafute ukurasa wake. Kwa wakaaji wa Komanda safari hiyo mara nyingi inaishia Bunia, na inaomba namba: namba ya sertifika, ama namba ya kadasta ya kiwanja, ama jina kamili jinsi lilivyoandikwa siku ile. Wengi wanashindwa hapo. Marehemu baba aliandikwa kwa jina la ubatizo, watoto wanatafuta kwa jina la ukoo, karani anasema haiko. Iko, lakini chini ya jina lingine. Ni vema kumwomba atazame kwa namba ya kadasta au kwa majina ya majirani wa mpaka, na malipo yakiombwa, mtu adai karatasi ya malipo. Feza inayotoka bila karatasi haifungui kitabu mara ya pili.

Lakini tuseme ukweli: wenye sertifika ndani ya sheferi ya Basili, ama ya Walese Vonkutu jirani, ni wachache. Mashamba mengi yanashikwa kwa desturi. Na hapo sheria ya 1973 iliacha shimo kubwa. Kifungu cha 389 kilisema haki za raia juu ya ardhi za desturi zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Makumi ya miaka yalipita watu wakiingojea. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, nayo inasema Serkali inalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kufuatana na sheria ama desturi. Basi desturi inatambuliwa, lakini haina kitabu chake. Kitabu chake ni kichwa cha mzee, na pengine daftari la shefu. Mzee akifa ku ukimbizini, ukurasa umekwenda. Shefu akikimbia na daftari lake, ama bila daftari lake, kijiji kizima kinabaki bila ushuhuda.

Ubaya unaongezeka kwa sababu ya kanuni nyingine ya sheria hiyo hiyo, ambayo wenye mayele wanaijua vizuri. Sertifika ikishatolewa, mtu anayesema ilitolewa kwa makosa ana wakati mfupi wa kuishambulia. Ku tribinali za kwetu kila mtu anataja miaka miwili. Ikipita, kwa kawaida sertifika haigusiki, anabaki kudai fidia tu. Ku inchi yenye amani miaka miwili ni mingi. Kwa mtu aliyetoka Irumu ya kusini mwaka 2021 na hajathubutu kurudi, miaka miwili imeisha akiwa ku kambi, bila hata kujua kwamba kuna mtu alienda kupima shamba lake.

Kinga ipo, na ndiyo inafaa kujulikana. Mbele ya kutoa ardhi ya vijijini kwa mtu, sheria inalazimisha uchunguzi: watumishi wafike ku fasi yenyewe, watazame kama kuna wenye kuishi ama kulima pale, wasikilize wakaaji, mipaka ionekane, waandike ripoti. Na mkataba uliofanywa kwa kuvunja sheria hiyo ni batili. Ndiyo maana mtu anayekuta shamba lake limeandikwa kwa jina la mwingine asiulize tu kama sertifika iko. Aulize faili nzima: ripoti ya uchunguzi iko wapi, ilifanywa tarehe gani, nani alisaini kwa upande wa kijiji, PV ya kupima na kuweka mipaka inasema nini. Kama uchunguzi umeandikwa kufanywa mwezi ambao kijiji kizima kilikuwa kimekimbia, tarehe ile peke yake ni ushahidi mzito.

Hii haiko habari ya makaratasi tu. Vita ya Ituri iliyoanza 1999 ku Djugu iliwaka kwanza juu ya mashamba makubwa ya konsesyo, na ndani ya malalamiko ya wakati ule kulikuwa neno hilo hilo: karatasi zilibadilishwa, mipaka ilisogezwa, watu wakaletewa amri ya kutoka ku ardhi waliyozaliwa.

Mgogoro ukifika ku tribinali, mtu anapaswa kujua mlango. Kwa sheria ya Aprili 2013 juu ya mpango wa tribinali, migogoro ya ardhi inayoongozwa na desturi iko ku tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix. Yenye sertifika ndani yake inapanda ku tribinali kubwa, TGI, na rufani ku korti ya rufani ya Bunia. Kila kesi ina namba, na bila namba grefye hatafuti. RC ni kesi ya madai, kama kiwanja ama urithi. RP ni kesi ya jinai. Ikiwa bado ku parke, namba inaanza na RMP. Familia nyingi zinakuja zikisema tu kwamba baba alishinda kesi wakati wa Mobutu. Alishinda mbele ya nani, namba gani, mwaka gani? Kama hukumu haikuchukuliwa nakala, ushindi unabaki hadithi. Katiba inasema mashauri ni ya wazi, na kila hukumu iandikwe, iwe na sababu zake, isomwe mbele ya watu. Hukumu haiko siri. Mwenye kesi ana haki ya kuomba nakala ku grefe, kwa malipo. Shida ni kwamba watu wanalipa avoka, wanalipa safari, wanalipa hata sherehe ya ushindi, halafu wanaacha nakala.

Kuna jambo la kushangaza kidogo. Shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, hapa hapa Irumu, lilihukumiwa La Haye. Hukumu ya Germain Katanga ya tarehe 7 Machi 2014 iko wazi, kwa Kifaransa, mwenye simu na megabaiti anaweza kuisoma akiwa chini ya muti Komanda. Lakini hukumu ya kiwanja cha jirani yake, iliyotolewa Bunia mwaka juzi, itamwomba siku mbili za barabara. Na hata La Haye karatasi zilihesabiwa. Wakati wa kupanga fidia, majaji walitazama maombi moja kwa moja: katika watu 341 walioomba, 297 walikubaliwa, ku uamuzi wa tarehe 24 Machi 2017. Kila mmoja alipewa dola 250 za ishara, juu ya misaada ya pamoja. Ambaye hakuweza kuonyesha kile alichopoteza alibaki nje.

Kwa kesi za jinai, hali ya kuzingirwa iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 ilichanganya milango. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu, wakati kama huo, kazi ya kuadhibu itoke ku tribinali za kiraia iende za kijeshi, na ndivyo ilivyofanywa Ituri na Kivu ya Kaskazini. Maana yake ni hii: malalamiko ya wizi wa kakao, ya kuchomewa nyumba ama ya kuvamiwa parsele kwa nguvu yaliyofunguliwa mbele ya siku ile yanaweza kuwa na namba moja ku parke na nyingine ku oditora ya kijeshi. Anayetafuta faili ya wakati ule na hakuipata upande mmoja, agonge upande wa pili mbele ya kusema imepotea. Migogoro ya madai yenyewe, nani mwenye kiwanja, haikuhusika na kifungu hicho.

Ku polisi mambo ni mafupi. Mtu akienda kulalamika, OPJ anaandika PV, na PV hiyo inapaswa kupanda ku parke ama ku oditora. Mwenye kulalamika achukue jina la OPJ, tarehe, na baadaye namba ya RMP. Hiyo namba ndiyo kamba ya kuvutia faili yote. Mtu akikamatwa, Katiba, kifungu cha 18, inataka aambiwe palepale sababu ya kukamatwa, ku luga anayoisikia, na kizuizi cha polisi kisipite saa 48. Jina lake linaandikwa ku rejista ya biro iliyomshika. Familia inayomtafuta ndugu yake iombe kutazama jina ku rejista kwanza, mbele ya kutoa feza yoyote. Kama haliko, yaonekana hayuko pale, ama yuko pale bila kuandikwa. Na hilo la pili ndilo la kupeleka haraka mbele ya mkubwa wa parke.

Kwa wale wa Komanda wanaojenga upya sasa, kazi ya kwanza haingoji Bunia. Majirani wanne wa mpaka wangali hai: waandikwe majina, wasaini, shefu atie muhuri na tarehe, na picha ya karatasi hiyo itumwe ku simu ya ndugu aliye mbali. Bei yake ni karatasi mbili na asubuhi moja. Na sheferi ingeweza kufanya kilicho kigumu zaidi, kutoa nakala ya madaftari yake na kuiweka nje ya Komanda, ku biro ya teritwari ama ya parokia. Daftari lililo moja tu, ku njia panda hii, linangoja moto.