Ramani Kizimbani

Mwenye king'amuzi cha DStv, awe Mbagala, Kisauni au Goma, ana biashara na Randburg hata kama jina hilo halijawahi kumpita masikioni. Makao makuu ya MultiChoice yako kwenye Barabara ya Bram Fischer, kitongoji cha Ferndale, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg. Lakini si televisheni iliyotufanya toleo hili la ramani za kale tulianzie huko. Ni mahakama. Mahakama ya Madai ya Ardhi ya Afrika Kusini, iliyoanza kazi mwaka 1996, iliweka makao yake papo hapo Randburg, hadi mwaka 2024 ilipoipisha Mahakama ya Ardhi. Miaka yote hiyo majaji wake walifunuliwa ramani kuukuu, na kila ramani ilikutana na swali ambalo sisi wapenzi wa ramani hupenda kulikwepa: umechorwa na nani wewe, na kwa haja ya nani?

Tuanze na Randburg yenyewe. Kwenye ramani kubwa ya Transvaal ya Jeppe, ya mwaka 1899, mji huo haupo. Kuna mashamba tu: Klipfontein, Driefontein, Boschkop, Olievenhoutpoort, Weltevreden. Mistari imenyooka, majina yamepangika, na jicho linashawishika mara moja kwamba hapa pamepimwa pakapimika. Basi sikiliza mashamba ya Transvaal yalivyokatwa awali. Kaburu aliteua kitovu cha shamba lake, farasi akatembezwa mwendo wa kawaida nusu saa kila upande, na hapo farasi alipofikia ndipo mpaka ulipowekwa. Eneo likakadiriwa kuwa mogeni 3,000 hivi, yaani zaidi ya hekta 2,500. Wapima ardhi wenye vyombo walikuja baadaye, wakanyoosha yaliyopinda na kuyatia wino. Nyuma ya mstari ule mnyoofu, basi, kuna kwato.

Na nani alikuwepo kabla ya kwato? Kusini kidogo ya Randburg, kwenye vilima vya Melville, mwanaakiolojia Revil Mason alichimbua tanuri la kuyeyushia chuma mwaka 1963. Watu waliofua chuma huko walikuwa na njia zao, mazizi yao na majina ya vijito vyao. Jeppe hakuwachora, na hakuwa na sababu ya kuwachora, maana ramani yake ilikuwa ya wenye mashamba.

Randburg ilipata kuwa manispaa mwaka 1959, vitongoji 13 vilipounganishwa. Ukitaka kuuona mji huo mzima kwenye ramani za serikali za skeli ya 1:50,000, karatasi moja haikutoshi. Nyuzi 28 za longitudo mashariki zinapita katikati yake, na karatasi hukatwa hapo hapo: upande wa magharibi uko kwenye 2627BB, wa mashariki kwenye 2628AA. Inakubidi uzitandaze zote mbili mezani, uzilinganishe kingo, na barabara moja iliyokatika uiunge kwa kidole. Wenyeji wa Ferndale hawaujui mpaka huo, lakini mtafiti anayeridhika na karatasi moja ataandika historia ya nusu mji bila hata kushtuka.

Palipokosekana zaidi ni uani. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, Randburg ilikuwa mji wa wazungu. Ramani ya viwanja inakupa namba, vipimo na alama za kona. Msajili wa hati anakupa jina la mmiliki. Mama aliyepika, akafua na kulea watoto wa nyumba hiyo, akilala kwenye chumba cha nyuma, hayumo kwenye karatasi hata moja kati ya hizo. Ukiuliza mtaa huu ulikuwa wa nani, ramani itakujibu kwa uaminifu kabisa, na itakudanganya.

Ndiyo maana naiona sheria ya 1994 ya kurejesha haki za ardhi kuwa na hekima kuliko wengi wetu tunaoandika historia za mitaa. Inawahusu walionyang'anywa ardhi baada ya tarehe 19 Juni 1913 kwa sheria na desturi za ubaguzi. Kifungu chake cha 30 kiliiruhusu Mahakama ya Madai ya Ardhi kupokea hata ushahidi wa kusikia kuhusu jinsi watu walivyopokonywa, kisha yenyewe iamue uzito wake. Bibi anayesema kwamba marehemu babake alimwonyesha makaburi chini ya mti fulani anasikilizwa. Anahojiwa pia, na picha za anga, ambazo serikali ilianza kupiga miaka ya 1930, zinatafutwa ili kuona kama zizi na makaburi vinaonekana. Wapo wanaosema wazee husahau na hutia chumvi. Kweli. Ila mzee huulizwa maswali. Ramani tumezoea kuitundika ukutani na kuipigia saluti.

Majina nayo yahojiwe. Barabara ya Bram Fischer zamani iliitwa Hendrik Verwoerd. Mwaka 1966, mwezi Mei, Fischer, wakili aliyewatetea kina Mandela katika kesi ya Rivonia, alihukumiwa kifungo cha maisha; Septemba mwaka huo huo Verwoerd, waziri mkuu, akauawa bungeni. Anayeshika ramani ya miaka ya 1980 atamkuta mmoja tu kati yao. Hata barabara ya William Nicol iliyo jirani ilikuja kuwa ya Winnie Mandela mwaka 2023 tu, kwa hiyo ramani ya juzi tu tayari ni ya kale.

Kwa makala za toleo lijalo tunaomba ramani za mitaa yenu, za Kariakoo, Ng'ambo, Majengo au Kisenyi. Kila ramani iandamane na mambo matatu: nani aliichora, nani alilipia kazi hiyo, na mzee gani wa mtaa aliyeonyeshwa akasema nini. Akiikataa, andikeni alivyoikataa, kwa maneno yake.