Tela Kuukuu na Kipande cha Chaki

Mji wa Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, umekaa pale ambapo barabara kuu ya Moshi na Arusha hukutana na barabara iendayo Sanya Juu. Juu yake iko migomba na mibuni ya Masama na Machame. Chini yake iko tambarare ya mahindi na maharage, ambako trekta ndilo mfalme wa msimu. Mahali kama hapo tela si anasa. Na kwa kuwa tela jipya ni ghali, linalonunuliwa aghalabu ni kuukuu: limetoka katika shamba kubwa lililobadili vyombo vyake, au kwa mkandarasi wa barabara aliyemaliza kazi, au limeletwa kutoka pwani likiwa limepakwa rangi nzuri ya buluu.

Juu ya namna ya kuchagua tela kabla ya kulinunua kila mtu ana ushauri wake, na ushauri mwingine ni mzuri. Linalosahauliwa ni siku ya pili, wakati fedha zimekwisha lipwa, tela limeegeshwa uani, na majirani wamekwisha kuja kupongeza. Siku hiyo ndiyo iliyo bora kuliko zote kwa ukaguzi, na ndiyo inayopotezwa na wengi.

Sababu ya kupotea kwake haiko katika chuma bali katika mwanadamu. Kabla ya kununua, macho ya mnunuzi hutafuta kasoro za kupunguzia bei, na kasoro hizo kwa kawaida ni zile zinazoonekana kwa wote wawili: rangi iliyobabuka, ubao uliovunjika, taa isiyowaka. Muuzaji amesimama karibu, jua linazama, na yuko mnunuzi mwingine anayesemekana kuwa njiani. Akisha kununua, mtu yule yule hugeuka kuwa wakili wa tela lake. Mlio anaousikia huuita mlio wa kawaida. Ufa anaouona huuita mkwaruzo. Sheria nayo haimsaidii sana, kwa sababu sheria ya mauzo ya bidhaa, iliyorithiwa kutoka katika ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humtaka anunuaye kwa mtu asiye mfanyabiashara wa vitu hivyo afumbue macho yake mwenyewe.

Laiti jambo lingekuwa la fedha tu, lingeweza kuachiwa mwenye fedha. Walakini wakati wa mavuno tela hubeba watu. Juu ya magunia huketi wavunaji wanaorudi nyumbani, pamoja na watoto waliodandia njiani. Mkono wa kuvutia ukikatika katika mteremko, watakaoumia ni watu ambao hawakuwapo siku ya mapatano ya bei.

Basi mkono huo ndio uanze kuangaliwa. Tarehe 8 Mei 1842 gari moshi lililokuwa likirudi Paris kutoka Versailles lilivunjika ekseli ya injini yake, likawaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wahandisi walistaajabu kuona kwamba chuma kilichobeba mzigo wake kwa muda mrefu bila ya kulalamika kinaweza kukatika ghafla chini ya mzigo ule ule. Katika miaka iliyofuata, hadi kufikia 1870, Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa mhandisi wa reli, alizipinda fito za chuma kwa mashine maelfu na mamilioni ya mara, akathibitisha kwamba mzigo mdogo unaorudiwa huvunja kile ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukivunji. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Kila bonde la njia ya shambani huupinda mkono wa tela kidogo na kuuachia. Ufa huanzia penye kona, au penye tundu la pini, au kando ya mahali palipochomelewa, ukaendelea kimya kimya miaka kadhaa, mpaka sehemu iliyobaki nzima inapokuwa ndogo mno.

Ufa wa namna hiyo hauonekani kwa macho matupu. Lakini iko njia ya kuuona, nayo ilitumiwa katika karakana za reli zamani kabla ya dawa za rangi za siku hizi, na vifaa vyake viko katika kila shule ya nchi hii. Mkono husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, ukaoshwa na kukaushwa. Hupakwa mafuta ya taa, nayo huachwa kwa muda wa nusu saa au zaidi. Kisha mafuta hayo hufutwa kabisa kwa kitambaa kikavu, mpaka chuma kisiache alama kidoleni. Mwisho hunyunyiziwa vumbi laini la chaki, au chaki iliyokorogwa katika spiriti, ambayo ikikauka huacha utando mweupe. Hapo mkaguzi hungoja. Penye ufa patatokea mstari mwembamba wenye rangi ya unyevu, kana kwamba umechorwa kwa kalamu, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yamefyonzwa na chaki. Bila shaka kazi yote hii hufanywa mbali na moto na sigara.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kwa nini utambi wa koroboi hupandisha mafuta anajua pia kwa nini ufa hujitangaza: kimiminika kinacholowesha kitu huvutwa kwenye nafasi nyembamba, na kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba ndivyo mvuto unavyozidi. Kitu kidogo tu hakina budi kuongezwa, nacho ni mpaka wa njia yenyewe. Chaki huonyesha ufa uliofika juu ya chuma. Uliofungwa ndani hauonyeshi. Na ufa ukionekana, kupitisha mstari wa kuchomelea juu yake ni kuufunika tu. Fundi mwangalifu huuchimba kwa jiwe la kusagia mpaka uishe, ndipo akajaza. Wengine huanza kwa kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, kwa kuwa ncha kali ndiyo inayokusanya mkazo, na tundu la mviringo huutawanya.

Baada ya mkono hufuata rangi mpya, ambayo katika biashara ya vyombo kuukuu yastahili kutiliwa shaka zaidi ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi kama lengelenge. Lakini lengelenge likikwanguliwa na kujazwa udongo wa fundi, jicho hudanganyika. Sumaku haidanganyiki. Ikizungushiwa kitambaa chepesi na kupitishwa juu ya bodi, itashika kwa nguvu penye bati na kulegea penye udongo. Nyundo ndogo nayo husema: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya kopo bovu. Mwenye tela aangalie hasa pembe za chasisi ambako matope hukaa. Tela lililobeba mbolea ya chumvichumvi, mathalani salfeti ya amonia, ni la kuogopwa kuliko lililobeba mahindi miaka kumi, kwa sababu chumvi hiyo hunywa unyevu wa usiku na kukifanya chuma kiliwe haraka. Lililotoka pwani ni vivyo hivyo. Sakafu ikiwa ya mbao, bisibisi itaonyesha upesi kama mchwa wametangulia.

Magurudumu yanataka jeki na sikio. Gurudumu lililoinuliwa huzungushwa kwa mkono, kisha hushikwa juu na chini likatikiswa; likikwaruza au likicheza, beringi ifunguliwe. Kipimo kilicho bora zaidi hufuata baada ya safari fupi ya barabarani, nacho ni kuweka kiganja kwa tahadhari karibu na habu ya kulia na ya kushoto. Mwalimu wa sayansi atatambua hapa jambo analolifundisha kila siku. Joto la habu moja pekee halisemi mengi, maana jua la tambarare nalo huchoma. Lakini habu mbili zilizokwenda safari moja, chini ya jua moja na mzigo mmoja, zikitofautiana sana, msuguano wa upande mmoja umezidi. Huo ni mlinganisho wa jaribio na kidhibiti chake, ingawa haukufanyika katika maabara.

Tairi ni jambo fupi. Kina cha kashata hakitoshi kuwa ushahidi, kwani mpira huzeeka hata tela likiwa limelala bandani. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, ziko tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nalo lifaa kuzungushia mti wa maua.

Mizani pia ina kazi yake, hata kama katika uuzaji wa tela haitajwi kamwe. Katika nchi hii ya kahawa, ambako ushirika wa KNCU ulianzishwa mwaka 1933, mizani ya chama cha msingi si kitu kigeni. Tela la ekseli moja likiwekwa sawasawa juu ya ardhi tambarare, na kiungo chake kikawekwa juu ya mizani, mizani itasoma uzito unaoibebesha trekta. Chukulia tela tupu la kilo 800, umbali kutoka kiungo hadi ekseli ukiwa mita 3. Mizani ikisoma kilo 80, kwa kanuni ya momenti kitovu cha uzito kiko sentimeta 30 mbele ya ekseli, na tela limesimama vema. Ikisoma kilo 10, kitovu kiko karibu juu ya ekseli yenyewe; magunia machache yakipangwa nyuma yatakiinua kiungo, na trekta likipanda mlima magurudumu yake ya nyuma yatapungukiwa na mshiko. Tela jepesi la kuvutwa na motokaa, kama yale yanayobeba mahema ya watalii, huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Huko Ulaya na Marekani, ambako watu huvuta nyumba ndogo za kulala nyuma ya motokaa zao, wenye nyumba hizo huujua uzito wa kiungo vizuri, ijapokuwa hofu yao kubwa ni maji ya mvua yanayopenya katika viungo vya paa na kuozesha mbao ndani ya kuta.

Mwisho ni breki, ambazo matela mengi ya shamba hayana kabisa. Hapo hesabu yasema kuliko onyo. Tela lenye mzigo, kwa jumla kilo 4,000, likishuka kutoka mashamba ya Masama kimo cha mita 500, hupoteza nishati ya jouli 19,600,000. Sehemu yake hupotea katika matairi na katika injini ya trekta iliyotiwa gia ndogo. Iliyobaki hugeuka kuwa joto la breki, na tela likikosa breki, za trekta ndizo zinazobeba yote. Nishati hiyo yote yatosha kuchemsha takriban lita 60 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20, yaani ndoo tatu kubwa, na hapo imekwisha hesabiwa kwamba katika mwinuko wa Bomang'ombe maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Dereva anayeteremka huku gia imetolewa ili kuokoa mafuta amekusudia kuchemsha ndoo hizo juu ya vipande vichache vya chuma.

Watakuwapo watakaosema kwamba fundi wa Bomang'ombe anayajua hayo yote bila ya kanuni wala jouli. Mengi anayajua, na heshima yake ni haki yake. Lakini fundi huitwa tela likisha kuharibika, na ujuzi wake hufa pamoja naye au huhama mji. Kwa upande mwingine, mwanafunzi aliye hatua mia mbili kutoka karakana hiyo hukariri momenti na msuguano kwa Kiingereza, akapasi mtihani, asitambue kwamba ndivyo vitu vinavyozungumzwa chini ya mwembe. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Istilahi si udhuru tena, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wakati mabishano ya lugha yakiendelea, hakuna waraka unaomkataza mwalimu kulitoa darasa lake nje kwa mchana mmoja.

Taifa lina asasi za kazi hii katika ngazi ya juu: Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na kituo cha CAMARTEC huko Arusha tangu 1981, kinachoshughulika na zana za kilimo. Asasi hizo haziwezi kufika katika kila ua lenye tela kuukuu, wala hazikuundwa kwa hilo. Shule za sekondari zimekwisha kufika. Mchana huo mmoja unahitaji sumaku, chaki, nusu lita ya mafuta ya taa, jeki, mizani ya kuazima, fundi mmoja aliyekubali kuulizwa maswali, na mwenye tela asiyeogopa jibu. Vipimo viandikwe katika daftari mbili. Moja ibaki shuleni, ili darasa la mwaka utakaofuata lipime tena na kuona kama ufa umerefuka. Nyingine iwekwe ndani ya kisanduku cha tela, na siku litakapouzwa iende pamoja nalo.