Mchezo wa Karibu Hauhitaji Uwanja Mkubwa

Shauri hili limesemwa mno mabwenini na limesemwa vibaya. Wako wanaodhani kwamba mimi na wenzangu wanne tunataka shule itupe shamba zima tulifanye uwanja wa gofu wenye mashimo 18, mfano wa ule wa Jeshi ulioko Lugalo, Dar es Salaam. Hatukuomba hivyo. Tuliloomba ni kile kipande cha ardhi nyuma ya uwanja wa zamani wa voliboli, chenye urefu wa hatua 30 na upana wa hatua 15, ambacho kwa sasa hakina kazi ila kuanikia nguo siku ya Jumamosi. Kamati ya Michezo imeahirisha ombi letu mpaka muhula ujao, na huku nyuma twasikia kwamba mahali hapo huenda pakafanywa pa kuegesha magari ya wageni. Basi naandika kabla kokoto hazijamwagwa.

Kwanza yafaa nikiri kosa langu, kwa kuwa najua kila msomaji analikumbuka. Ni kweli kwamba mimi ndiye niliyeupiga mpira ukatua juu ya mabati ya jiko wakati wa uji, na mpishi wetu akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani mti umeanguka. Nilichota maji siku tatu, na nilistahili. Lakini tazameni jambo moja. Siku ile nilikuwa nikijionyesha mbele ya vijana wa kidato cha pili, nikapiga pigo refu kwa nguvu zangu zote, bila mwalimu na bila mahali pa kupigia. Ombi letu ni la mapigo mafupi, ambayo yakipigwa sawasawa hayafiki hata nusu ya njia ya kwenda jikoni. Kosa lile linalotajwa kama sababu ya kutunyima mahali, kwangu ni sababu ya kutupa.

Kwa wale wasioujua mchezo huu nitaeleza kidogo. Mchezaji hupiga mpira mdogo kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108, na anayemaliza mashimo yote kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Kuzunguka shimo pana sehemu laini iitwayo grini. Mpira ukiisha fika hapo husukumwa taratibu kwa fimbo yenye uso wa karibu wima, na msukumo huo huitwa pati. Ukiwa bado nje kidogo ya grini hurushwa kwa pigo fupi liitwalo chipu. Sasa hesabuni pamoja nami. Viwanja vingi vyenye mashimo 18 hukadiriwa mikwaju 72 kwa mzunguko mmoja. Katika makadirio hayo kila shimo limewekewa pati mbili, ndiyo kusema 36, ambayo ni nusu kamili. Na hapo chipu hazijahesabiwa bado, wala mapigo ya kutoka katika mashimo ya mchanga. Kumbe zaidi ya nusu ya mchezo huu unaoitwa wa mashamba makubwa huchezwa mahali padogo!

Mimi niliyajua haya kwa mjomba wangu anayekaa Lizaboni, si mbali na soko. Mjomba alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, katika klabu moja ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, na siku za Jumatatu makedi waliruhusiwa kucheza wenyewe. Aliporudi nyumbani alileta fimbo tatu tu: namba 7, fimbo ya mchanga, na ile ya pati. Pamoja nazo alileta mipira 11, ambayo sasa imebaki minane. Sheria za gofu humruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, lakini mjomba husema kwamba katika zile 14 hizi tatu ndizo zinazofanya kazi, nyingine huenda kutembea.

Likizo ya mwezi wa Juni nilikwenda kwake kila asubuhi. Nilijiona najua, kwa kuwa nilikwisha tazama picha za mchezo huu mara nyingi. Akaniambia nipige chipu. Nikapiga, fimbo ikachimba ardhi nyuma ya mpira, na mpira ukasogea kama hatua mbili. Nikarudia, safari hii fimbo ikagonga tumbo la mpira, nao ukakimbia chini chini mpaka kwenye mihogo ya jirani. Nilipiga hivyo asubuhi nzima, na kila nilivyozidi kupiga ndivyo nilivyozidi kuharibu. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kigoda akinywa chai wala hakusema neno. Mwishowe akanyanyuka akauliza, “Mpwa, kwa nini unaunyanyua mpira kwa mikono?” Nikamjibu, “Mjomba, nataka uende juu.” Akanionyesha uso wa fimbo akasema, “Fimbo imekwisha inama yenyewe tangu ilipotengenezwa. Wewe unainama nini tena?”

Nadhani neno hilo lilikuwa na faida kuliko mapigo yote niliyoyapiga peke yangu. Akaniweka uzito juu ya mguu wa kushoto, mpira akausogeza karibu na mguu wa kulia, mikono ikatangulia mbele ya mpira. Kisha akakunja taulo akalilaza nyuma kidogo ya mpira. Nikiligusa taulo nimekosa. Nisipoligusa, fimbo imeshuka mahali pake, ikagusa mpira kwanza na ardhi baadaye. Siku ya tatu mpira ulianza kuruka kwa amani. Ndipo nilipofahamu kwamba mtu ajifunzaye bila jicho la mwingine huweza kufanya mazoezi ya kosa lake mwaka mzima, likawa kosa hodari kabisa.

Hapo wenzangu hunitajia Severiano Ballesteros, yule Mhispania aliyezaliwa Pedreña mwaka 1957. Ni kweli alikuwa mtoto wa mkulima, na ni kweli alijifunza ufukweni akitumia fimbo moja tu, namba 3, kwa sababu watoto makedi hawakuruhusiwa kucheza katika uwanja wa klabu wapendavyo. Kwa fimbo hiyo moja ilimbidi abuni kila namna ya pigo, la juu, la chini na la kutoka mchangani, na baadaye dunia nzima ilistaajabia mchezo wake wa karibu. Alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza miaka ya 1979, 1984 na 1988, na hata hapa Afrika ya Mashariki alikuja akashinda mashindano ya wazi ya Kenya mwaka 1978. Wenzangu husema: Je, huyu alikuwa na mwalimu gani? Nami nawajibu kwamba hawajaisoma habari hiyo mpaka mwisho. Kaka zake walikuwa wachezaji wa kulipwa, na mjomba wake, ndugu wa mama yake, alikuwa Ramón Sota, aliyepata nafasi ya sita katika mashindano ya Masters huko Marekani mwaka 1965. Mchanga alikuwa nao, na watu wa kumtazama alikuwa nao. (Nilipomsomea mjomba habari za Sota alifurahi sana, akataka nimsomee mara ya pili.)

Sasa nieleze tunavyotaka kukitumia kipande kile, ili isidhaniwe kwamba ni ndoto. Grini ya majani kwetu haiwezekani, maana majani mazuri yataka maji kila siku na mashine ya kukata. Lakini zamani viwanja vingi vya Afrika ya Mashariki havikuwa na majani kwenye mashimo. Vilikuwa na brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke, na kabla ya kupiga pati mchezaji aliulainisha kwa kuburuta kifaa cha kusawazishia. Mjomba amezicheza. Nyumbani kwake tulitengeneza moja kwa mchanga wa mtoni bila mafuta, kwa kuwa mafuta huharibu udongo. Tuliunyunyizia maji kidogo na kuuburuta ubao. Shimo ni kopo la maziwa ya unga, ambalo upana wake wakaribia kabisa ule wa sheria. Kazi yote ilikuwa ya siku mbili, na gharama yake ilikuwa nauli ya mkokoteni.

Katika brauni ile nilijifunza kutofautisha fimbo. Namba 7 hurusha mpira kidogo ukabingirika sana. Fimbo ya mchanga huurusha zaidi, ukatua na kubingirika kidogo. Kabla ya kupiga, mjomba hutaka niurushe mpira kwa mkono kwanza, ili nione unapotua na unapoishia, kisha niufanye vivyo hivyo kwa fimbo. Hapendi nipige mipira minane mfululizo kama mtu anayefukuza ndege. Hunipa mmoja, nipige chipu, kisha niufuate niumalize kwa pati, na nikipata kwa mikwaju miwili naandika alama katika daftari. Kutoka hatua kumi, wiki ya kwanza nilipata mara 3 katika 20. Wiki ya mwisho wa likizo nilipata mara 9. Si haba, ingawa mjomba aliniambia kwamba wao makedi walikuwa wakiwekeana dau la maandazi, na mwenye 9 angelala na njaa.

Nimerudi shuleni, na tangu siku hiyo sijapiga hata pigo moja. Hilo ndilo linaloniuma. Mkono husahau upesi kuliko kichwa. Mjomba amekubali kuja kila Jumamosi alasiri bila malipo, ila chai, lakini amesema hatakuja kufundisha watu mahali wasipoweza kurudia Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Nami naona ana haki.

Wanaotupinga husema gofu ni mchezo wa matajiri. Sikatai kwamba ada za klabu ni kubwa na kwamba fimbo mpya hazinunuliki na mzazi mkulima wa mahindi. Hata hivyo mchezaji wa kulipwa aliyeanza kwa kubeba mifuko ya wengine si kitu kigeni, wala katika Tanzania wala katika Kenya. Dada Madina Iddi wa Arusha ameiwakilisha nchi yetu katika mchezo huu hata nje ya mipaka. Mjini Songea, mpira wa miguu hatukuungoja mpaka tupate kiwanja kama cha Majimaji. Kila mtoto alianza na mpira wa matambara nyuma ya nyumba. Kwa nini gofu peke yake ingoje uwanja kamili?

Lakini sitaki kuwadanganya wenzangu. Kwa hatua 30 hakuna atakayejifunza pigo refu, na asiyejua pigo refu hawezi kushindana na watu wa Lugalo wala wa Arusha. Atakayetaka kuendelea itambidi asafiri, na uwanja niujuao kwa sifa upande huu wetu ni ule wa mashamba ya chai ya Mufindi, nao ni safari ya kupita Njombe na Makambako. Tunachoweza kukipata hapa ni ile nusu ya mchezo, na nusu hiyo twaweza kuipata bila kumwomba mtu fedha.

Kuhusu magari ya wageni, wageni huja siku ya mahafali na siku ya wazazi. Siku hizo mbili tutang'oa kopo na kuwaachia nafasi, kisha jioni tutaburuta ubao. Kuhusu usalama wa jiko, tumekubaliana kwamba namba 7 haitainuliwa juu ya kiuno, na atakayevunja sharti hilo atanyang'anywa fimbo mpaka mwisho wa muhula. Sharti hili nimeliandika mimi mwenyewe na kulitia sahihi mbele ya Kaptaini wa Michezo.

Mimi nafanya mtihani mwezi wa Novemba, kisha naondoka. Sitapata kucheza katika brauni hiyo zaidi ya majuma machache hata kama Kamati itakubali kesho. Vijana wawili wa kidato cha pili, ambao walikuwepo siku ile ya mabati, wamekwisha jiandikisha kwa mjomba. Kopo na ubao viko chini ya kitanda changu, cha tatu kutoka mlangoni, nao wanajua.