Sola Sawa, Ila Baridi ya Juni Haisubiri Jua

Wana Singida mnanielewa. Mwezi wa sita na wa saba, ule upepo ukianza usiku, blanketi moja halitoshi. Nyumbani tuna sola: taa zinawaka, simu zinachaji, mama anasikiliza redio. Ila kwenye joto, sola yetu inanyoosha mikono. Piga hesabu: kupasha lita 10 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 40, paneli ya wati 100 inataka karibu saa tatu za jua kali. Hiyo ni ndoo moja, na sisi tuko sita.

Kwa hiyo lazima kuwe na akiba. Swali ni akiba gani? Wengi tunakimbilia mkaa. Mwaka juzi tuliingiza jiko chumbani, tukafunga madirisha. Mdogo wangu aliamka kichwa kinamgonga, anatapika. Tukadhani malaria. Kumbe kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Tungechelewa kidogo tungemzika.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Safi. Lakini mtungi unajazwa kwa mkupuo, mkaa unanunuliwa kwa kopo. Hapo ndipo maskini anapokwama. Vikoba vyetu vichangiane gesi kabla ya Juni. Anayebaki na mkaa auwashe nje, alalie blanketi.

Nasi walimu watarajiwa, tukienda mazoezi ya kufundisha, tuwaachie watoto sentensi moja: jiko la mkaa halilali chumbani.