Ndama Mweusi wa Garsen: Rangi za Mifugo na Umaskini wa Msamiati Wetu

Sisi tunaosoma Kiswahili vyuoni aghalabu hulalamikia uhaba wa istilahi za kompyuta na sheria. Makala haya yanaelekeza lawama kwingine kabisa, yaani kwenye ngozi ya ng'ombe.

Wakati mmoja, nikiwa likizoni Garsen, niliombwa nimfasirie mzee wa Kiorma aliyepotelewa na mtamba. Mzee alieleza kwa kirefu: kijivu mbavuni, weusi unaokolea shingoni, weupe uliopanda kutoka tumboni kwa upande mmoja tu. Baada ya maelezo yote hayo, karani aliandika maneno niliyompa mimi mwenyewe: "ng'ombe wa madoadoa." Siku chache baadaye walipatikana mitamba watatu wa madoadoa, na kila mmoja alikuwa na watu wawili wanaomdai. Katika Delta ya Tana, ambako wafugaji na wakulima waliuana mwaka 2012, upungufu huo wa neno si mzaha.

Kioromo, ambacho Kiorma ni tawi lake, kina neno moja, daalacha, kwa ule ukijivu wa mnyama. Sisi twasema "rangi ya jivu", kisha twanyamaza.

Mfugaji, zaidi ya hayo, ana elimu nyuma ya maneno yake. Anajua kwamba fahali mweusi na jike mweusi waweza kuzaa ndama mwekundu, wala hamshuku mtu. Lakini wazazi wawili wekundu wakizaa ndama mweusi, huuliza fahali wa nani alipita malishoni. Wanasayansi wanaafikiana naye. Ndama hupokea nakala moja ya kila jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Katika jeni iitwayo MC1R, nakala ya weusi huifunika ya wekundu. Hivyo weusi wawili waliobeba wekundu kwa siri wana nafasi moja kati ya nne ya kumpata ndama mwekundu. Wekundu wawili hawana weusi wa kuficha. Jeni hiyohiyo huathiri pia rangi za vijibwa vya mapajani kama Chihuahua, ambavyo wafugaji wake wa Ulaya na Marekani wana istilahi kwa kila baka na kila kivuli. Mbwa asiyezidi kilo tatu ana msamiati kuliko fahali wa Tana!

Rangi ina uzito mwingine pia. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu wadudu hao huvutwa na rangi hizo. Ng'ombe wa Kiorma nao, kwa mujibu wa utafiti uliofanywa katika ranchi ya Galana tangu miaka ya 1980, huustahimili ugonjwa wa nagana kuliko Boran walioboreshwa. Sidai kwamba ustahimilivu huo watokana na rangi. Nadai kwamba mjadala huo hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili chenye "madoadoa" na "mabaka" pekee.

Kuna watakaosema kuwa Kiswahili ni lugha ya bahari na miji, na kwamba ng'ombe wana lugha zao. Hoja hiyo ni dhaifu. Mto Tana huingia baharini Kipini, mji wa Waswahili, na maziwa ya Waorma hunywewa huko. TUKI ilipochapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, haikuona haya kukopa kutoka Ulaya. Kwa nini tuone haya kukopa Garsen? Hapana budi tasnifu zetu, ambazo nyingi zazunguka riwaya zilezile, zipeleke baadhi yetu mnadani na daftari, kwa Waorma, Wawardei na Wapokomo.

Mtamba yule alipatikana hatimaye. Wazee wa pande zote waliketi chini ya mti, wakamweleza kwa Kiorma tangu pembe hadi mkia, na shauri likaisha kabla ya adhuhuri. Mimi sikuitwa kufasiri.