Ladha ya nanasi, nanasi lenyewe liko wapi?

Wiki iliyopita nilinunua pale Birere pakiti ya jusi ya unga. Mbele limechorwa nanasi lililokatwa, linachuruzika maji, na chini yake maneno matatu: "Ladha ya Nanasi". Nyumbani mdogo wangu wa darasa la tano akasoma orodha ya nyuma kwa sauti: sukari, asidi ya sitriki, ladha, rangi. Akaigeuza pakiti mara mbili. "Yaya, nanasi iko wapi?"

Nanasi limepotelea kwenye "ya". Chai ya tangawizi ina tangawizi. Nyumba ya mbao ni mbao. Kikombe cha chai hakikutengenezwa kwa chai, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tunavijua vitu vyenyewe. Kwenye "ladha ya nanasi" hatuna msaada huo. Ladha huenda imetoka kwenye nanasi, huenda inafanana nalo tu. Mwenye kiwanda hakusema uongo. Sarufi yetu imemfichia siri.

Wenzangu darasani husema dawa ni rahisi: tuandike "asili" au "bandia". Mimi sikubali. Bandia ni neno la noti za kughushi na vidonge visivyotibu, kile ambacho hapa mjini tunakiita "ya bongo". Vanilini iliyounganishwa na wakemia wa Ujerumani mwaka 1874 ni molekuli ile ile iliyomo kwenye ganda la vanila. Haistahili tusi hilo. Ganda linaizidi kwa kuwa na mamia ya viambata vingine, na pua iliyozoea huvitambua.

"Asili" nayo inapendelea mno. Ulaya, kwa Kanuni namba 1334 ya mwaka 2008, bidhaa ikiandikwa kuwa na ladha asilia ya vanila, angalau asilimia 95 ya ladha hiyo lazima itoke kwenye vanila. Ikiandikwa ladha asilia tu, bila kutaja tunda, inaweza kuwa imetengenezwa na vijidudu. Kwa Kiswahili jambo hili ni gumu zaidi, maana asili kwetu ni chimbuko pia. Asili ya nani?

Wa kwanza kuumia ni mkulima. Kule Beni na Butembo ua la vanila huchavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa njia aliyoivumbua Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841. Kisha mtu husubiri miezi mingi, akiogopa wezi, kabla ya kuvuna na kukausha. Biskuti isiyo na hata chembe ya jasho hilo huja dukani imeandikwa "vanila", ua likiwa limechorwa juu.

Napendekeza tuache sifa, tutumie vitenzi. "Ina nanasi." "Ladha imetolewa kwenye nanasi." "Ladha inafanana na nanasi." Lugha yetu ni tajiri wa vitenzi, na hata mtoto wa darasa la tano anavielewa hivi vitatu. Walimu wa istilahi wanaweza kutupa zoezi hili muhula ujao: kila mmoja alete pakiti moja, aiandike upya. Wataosema nafasi haitoshi wapime kwanza ile picha ya nanasi.